Je, wajua hospitali inajuaje mdudu wa ugonjwa (bakteria) katoka kwa mgonjwa gani?

Kama ulisoma shule yenye mwalimu mkali hii utaielewa fasta. Mwalimu anasahihisha mtihani, anakuta Juma kakosea jibu kwa namna ya ajabu ajabu, anashika karatasi ya Asha anakuta kosa lilelile mpaka herufi, ila Asha kaongeza na kosa lake jingine. Halafu anakuja wa tatu ana kosa la Juma na lile la Asha pia. Hapo shahidi wa nini tena? Huyo wa tatu kaangalizia kwa Asha, na Asha kaangalizia kwa Juma. Basi wanaofuatilia maambukizi ndani ya hospitali wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba karatasi yao ina herufi kama milioni 6.

Kisa kinachoonyesha hili vizuri ni cha Marekani, hospitali ya utafiti ya National Institutes of Health pale Bethesda, Maryland. Tarehe 13 Juni 2011 aliletwa mama mmoja kutoka hospitali ya New York, na wakajua mapema kabisa kwamba ana bakteria anaitwa Klebsiella pneumoniae, tena yule sugu, yule ambaye hata antibiotiki kali ambazo madaktari huwa wanazitunza kwa ajili ya waliozidiwa hazimgusi. Wakamweka peke yake, ukiingia kwake unavaa gauni na glavu. Tarehe 15 Julai akaruhusiwa, watu wakashusha pumzi.

Tarehe 5 Agosti mdudu akaonekana kwa mgonjwa mwingine. Kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka wakafika 18. Kati yao 11 walifariki, na 6 ndo ilionekana wazi kwamba mdudu ndo aliwamaliza, wengine walikuwa na magonjwa mazito tayari.

Sasa swali likawa, huyu ni mdudu wa yule mama au kuna mtu kaja na wake? Wiki tatu nzima katikati hakuna aliyeonekana anaye, alikuwa wapi? Vipimo vya zamani vya maabara hapo vinagota, kwa sababu ukoo huo wa Klebsiella ulikuwa umeshasambaa kwenye hospitali nyingi za Marekani, kwa hiyo ukipima kizamani unaambiwa tu wote ni wa ukoo mmoja. Ni kama kumtafuta mwizi kwa kusema alikuwa kavaa sare ya shule.

Ndo wakaamua kusoma vinasaba (DNA) vya bakteria wa kila mgonjwa, ndo ile karatasi ya herufi milioni 6, mwanzo mpaka mwisho. Bakteria anapozaliana anajikopi, na mara mojamoja anakosea herufi, lile kosa linarithiwa na vizazi vyote vya mbele. Wakipanga makosa hayo wanaona nani kakopi kwa nani. Majibu yalipotoka, bakteria wa wagonjwa wote walitofautiana kwa herufi chache mno kati ya hizo milioni, yaani chanzo ni yule mama, na kilichonishangaza mimi ni kwamba mdudu hakutoka kwake mara moja tu, minyororo mitatu tofauti ya maambukizi ilianzia kwake! Walilijua hilo kwa sababu mdudu wa kooni kwake na wale wa sehemu nyingine za mwili wake mwenyewe walikuwa wameshaanza kuachana herufi chache.

Na zile wiki tatu? Mdudu alikuwa amekaa kimya matumboni mwa watu. Klebsiella anaweza kuishi kwenye utumbo wa mtu bila homa wala chochote, kwa hiyo aliyegundulika mwanzo siyo lazima aliambukizwa mwanzo. Ikabidi wapimwe hata wasioumwa, kijiti cha pamba kooni, kwenye kinena, na huko nyuma pia (hakuna anayekifurahia hicho kipimo lakini ndo kinachomkamata).

Ila vinasaba peke yake havimalizi kazi. Vinakwambia huyu kampa yule, havikwambii kwa njia gani, kwa hiyo lazima mtu akae na makaratasi ya wodi aangalie nani alilala kitanda gani tarehe gani, mashine gani ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Pale Bethesda walimkuta mdudu kwenye mabomba ya kutolea maji ya masinki, na kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilikuwa imeshasafishwa kwa jiki! Wakajenga ukuta kutenga wagonjwa, wakang'oa mabomba, wakapuliza mvuke wa dawa vyumbani, na wakaweka watu wa kusimama tu kuangalia nani hanawi mikono, awe nesi awe daktari.

Na wakati mwingine karatasi za vitanda hazisaidii kabisa. Mwaka huohuo wa 2011, Cambridge Uingereza, kwenye wodi ya watoto wachanga ya Rosie Hospital, walipatikana watoto 12 wenye MRSA, bakteria mwingine sugu anayependa kukaa puani na kwenye ngozi. Wodi ikasafishwa kila kona, zikapita siku 64 bila mtoto yeyote mwenye mdudu. Halafu akatokea mmoja. Kusoma vinasaba, ni yuleyule wa mwanzo, wakati hamna hata mtoto mmoja pale wa kumwambukiza. Wakapima wafanyakazi 154, akapatikana mmoja tu anaye, mzima wa afya, anakuja kazini kila siku. Akapewa dawa za kumwondoa.