Singo ya kwanza ya bendi kongwe: usikilize nini kabla ya kutoa hukumu

Bendi ya metali ikishavuka miaka 30, wimbo unaotangulia albamu mpya mara nyingi si ule ulio bora. Unatangulizwa ule mfupi, au ule unaofanana zaidi na bendi ambayo mashabiki wanaikumbuka. Mfano ni "Lux Æterna" ya Metallica, iliyotoka Novemba 28, 2022. Haifiki dakika tatu na nusu, na ndiyo fupi kuliko zote kwenye 72 Seasons, albamu ya nyimbo 12 na dakika 77 hivi. Aliyeisikia siku ile alidhani amerudishiwa Metallica ya mwaka 1983, ya albamu yao ya kwanza yenye mwendo wa kasi. Aprili 2023 akapewa albamu ambayo sehemu kubwa yake inakwenda mwendo wa kati, ikifungwa na "Inamorata" ya dakika 11.

Kwangu "Lux Æterna" ni wimbo mzuri. Rifu yake, yaani kile kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ina damu ya metali ya Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 80, ya bendi kama Diamond Head, ambao Metallica walizirudia nyimbo zao tangu siku za mwanzo. Panaponikera ni solo ya mpiga gitaa wao, Kirk Hammett: noti nyingi, mbio nyingi, wala hakuna melodi ya kuondoka nayo. Aliyetaka kujua albamu itakuwaje alifaa angoje "If Darkness Had a Son" ya Machi 2023, nzito na ya zaidi ya dakika sita.

Kosa kubwa la wasikilizaji, hata wale wazoefu, ni kulinganisha wimbo mpya na wa zamani bila kusawazisha ukubwa wa sauti. Sikio likipewa nyimbo mbili, hupendelea yenye sauti kubwa zaidi, hata kama tofauti ni desibeli moja tu, na mtu akaamini kwamba amependa utunzi. Rekodi za sasa hubanwa sana kuliko za miaka ya 80, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa hupunguzwa ili wimbo wote usikike kwa nguvu, kwa hiyo shindano linakuwa limeshaamuliwa kabla hujasikia kiitikio.

Kwenye Spotify, washa mpangilio wa kusawazisha sauti, kisha weka nyimbo zote mbili kwenye orodha moja. Usizicheze kutoka ndani ya albamu zake, kwa sababu hapo programu husawazisha albamu nzima kwa pamoja, si wimbo mmojammoja. YouTube hupunguza nyimbo zenye sauti kubwa lakini haipandishi zile za chini, hivyo wimbo wa zamani unaweza kubaki nyuma. Mwenye mafaili kwenye kompyuta atumie programu ya kuhariri sauti ya Audacity na kuzishusha zote hadi -18 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Ukiweka -14, rekodi ya zamani yenye vilele virefu, yaani mapigo ya ghafla yenye sauti kubwa, inaweza kukatwa vichwa vya vilele hivyo, na utakuwa umeiharibu wewe mwenyewe.

Sasa sikiliza sneya, ile dramu yenye mlio mkali wa kukatika. Wimbo uliobanwa kupita kiasi huponda lile pigo la kwanza la fimbo, dramu ikalia kama boksi la karatasi, na matoazi yakageuka mchakacho. Death Magnetic, albamu ya Metallica ya mwaka 2008, ndiyo somo lenyewe: CD ilikwaruza, ilhali nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua, na maelfu ya mashabiki wakatia saini wakiomba albamu ichanganywe upya. Na tafadhali, usihukumu besi kwa spika ya simu. Spika hiyo haiwezi kutoa noti za chini.

Kati ya singo za miaka hii, "Panic Attack" ya Judas Priest, ya Oktoba 2023, ndiyo ninayoiweka juu. Inafungua kwa mlio wa sintesaiza unaomrudisha msikilizaji kwenye Turbo, albamu yao ya 1986, kisha magitaa yanaingia kwa ukali ambao Turbo haikuwa nao. Prodyuza Andy Sneap ameyapa magitaa mawili pande zake, na sauti ya mwimbaji Rob Halford, aliyekuwa na miaka 72, ikaachiwa katikati.

"The Emptiness Machine" ya Linkin Park, Septemba 2024, imepangwa kwa akili. Mike Shinoda anaimba ubeti wa kwanza na kiitikio, ndipo mwimbaji mpya, Emily Armstrong, anaingia. Msikilizaji anatulizwa kwanza na sauti anayoijua, kwani nafasi ya Chester Bennington, mwimbaji wao aliyefariki mwaka 2017, ilikuwa jeraha kwa mashabiki. Rifu yenyewe ni ya kawaida. Mpangilio ndio unaoubeba wimbo.

Iron Maiden ndio walioheshimu wasikilizaji zaidi. "The Writing on the Wall" ya Julai 2021 inapita dakika sita, haina haraka, na solo ya mpiga gitaa Adrian Smith ni ndefu na inaimbika. Albamu yenyewe, Senjutsu, ilipotoka Septemba, ikiwa na nyimbo tatu za mwisho za zaidi ya dakika kumi kila moja, hakuna aliyeweza kusema hakuonywa.