Zamu za usiku na saratani ya matiti: hiyo asilimia 36 ni ya nini?

Tangu kampeni ya Oktoba ya saratani ya matiti ianze, wauguzi wanatuletea hapa kliniki ujumbe uleule wa WhatsApp: "Utafiti wa Marekani: asilimia 36 ya wauguzi wa zamu ya usiku hupata saratani ya matiti." Utafiti huo haukusema hivyo.

Utafiti wenyewe, Nurses' Health Study (Utafiti wa Afya ya Wauguzi), upo, tena mkubwa. Dk. Frank Speizer aliuanzisha mwaka 1976 mjini Boston, shabaha ya kwanza ikiwa vidonge vya uzazi wa mpango. Waliandikishwa wauguzi wa kike wapatao 121,700, wenye umri wa miaka 30 hadi 55, kutoka majimbo 11. Walichaguliwa wauguzi kwa sababu muuguzi ana anwani kwenye daftari la usajili, na ukimwuliza habari za shinikizo la damu huanzi kumfafanulia.

Utaratibu ni huu. Kila baada ya miaka miwili dodoso hutumwa kwa posta. Asiyejibu hutumiwa jingine, kisha jingine tena. Anayeandika kwamba amepata saratani huombwa ridhaa, faili lake la hospitali hupitiwa na daktari, ndipo huhesabiwa. Asiyepatikana huulizwa kwa ndugu na kutafutwa kwenye rejesta ya taifa ya vifo. Miaka ya 1980 wanawake zaidi ya 60,000 walikata kucha za miguu wakazituma ndani ya bahasha ili madini yaliyomo yapimwe. Naeleza kirefu kwa sababu kwetu dodoso la kurasa nne tu hurudi nusu tupu, eti maswali ni mengi.

Sasa hiyo 36. Ripoti ya mwaka 2001 iliwahusu waliopokezana zamu, wakiingia usiku mara tatu au zaidi kwa mwezi, kwa miaka 30 au zaidi. Miaka thelathini, si mwaka wako wa kwanza wodini! Hatari yao iliizidi kwa asilimia 36 ile ya wenzao ambao hawakuwahi kupokezana zamu hizo. Tuseme, kwa mfano tu, wanawake 25 kati ya 1,000 wangeugua. Ongezeko hilo linawafikisha 34. Si 360.

Wauguzi haohao walipofuatiliwa kwa miaka 24, wengi wakiwa wameshastaafu, ongezeko hilo halikuonekana tena kwa waliofikisha miaka hiyo 30. Hayo yalichapishwa 2017. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani. Yumkini, ndugu zangu, si "imethibitishwa".

Kwa hiyo barua za kuomba kuondolewa zamu ya usiku, zikiambatishwa picha ya ujumbe ule, sisi hatuna pa kuzipeleka. Ratiba hupangwa na muuguzi mfawidhi wako. Uvimbe kwenye titi ni habari nyingine: huo njoo nao kliniki leo, barua haihitajiki.