Presha ya mafuta: tangi lina petroli, gari haliwaki

Unapiga stata, injini inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini gari haliwaki. Geji inasoma nusu tangi. Fundi mmoja atakwambia "mafuta hayafiki", mwingine atakwambia "pampu imekufa". Watu wengi husikia kauli hizo kama kitu kimoja, kisha wanakwenda kununua pampu. Nimeshaona pampu mpya ikifungwa kwenye gari ambalo shida yake ilikuwa fyuzi.

Presha ya mafuta ni msukumo ambao petroli inakuwa nao inapofika kwenye injini. Kabureta (kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa) na nozeli (kirusha petroli cha magari ya baadaye) havihitaji msukumo sawa hata kidogo. Peugeot 504 ya kabureta inatosheka na psi 3 hadi 5 hivi (psi ni kipimo cha presha), kwa sababu kazi ya pampu yake ni kujaza bakuli la kabureta tu. Kutoka hapo injini inavuta yenyewe. Corolla ya miaka ya 1990 yenye nozeli, kwa mfano ile ya injini ya 4A-FE, inataka karibu psi 40, maana nozeli inapaswa kuirusha petroli ikiwa kama ukungu. Ndiyo sababu kulegeza mpira na kuona petroli inachuruzika hakuthibitishi chochote kwenye gari la nozeli. Pampu iliyochoka inaweza kutoa petroli ya kujaza kikombe, na presha ikaishia psi 15. Gari haliwaki, na fundi anaapa kwamba mafuta yanafika. Kinachomaliza ubishi huo ni geji ya presha, na fundi wa petroli asiyekuwa nayo anabahatisha kwa pesa zako.

Kabla ya hapo, hakikisha tatizo ni mafuta kweli. Piga stata sekunde kumi, kisha fungua plagi moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na huenda unakosa moto wa plagi, au injini imezidiwa na petroli. Ikiwa kavu kabisa na haina hata harufu, fuata njia ya mafuta.

Anzia nyuma, kwenye umeme wa pampu. Wengi hufundishwa kuwasha swichi na kusikiliza mlio wa pampu kwa sekunde mbili. Ushauri huo ni mzuri kwa magari mengi, lakini Toyota nyingi za zamani haziko hivyo: rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) huipa pampu umeme wakati stata inapigwa au injini inapozunguka tu. Ukiwasha swichi na kusikia kimya, usiihukumu pampu. Chini ya boneti ya Toyota hizo kuna kisanduku cha kupimia chenye matundu yaliyoandikwa FP (pampu ya mafuta) na +B (umeme wa betri). Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya huku swichi imewashwa, pampu inapaswa kuvuma. Ikivuma, chunguza rilei na nyaya zake. Isipovuma, pima umeme kwenye soketi ya pampu yenyewe, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma, na upime soketi ikiwa imechomekwa. Waya wenye kutu unaonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo, kisha volti zinaanguka pampu inapoanza kuvuta. Eathi mbovu (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) nayo inafanya vivyo hivyo.

Na geji ya tangi, jamani, msiiamini. Boya la ndani ya tangi likikwama, geji inaweza kusoma palepale siku zote. Mimina lita tano kabla ya kufungua chochote.

Gari likiwaka vizuri mchana lakini asubuhi likataka stata ndefu, mara nyingi ni vali ndogo ndani ya pampu isiyoshikilia presha usiku, au nozeli inayovuja. Likiwaka kisha likakosa nguvu mlimani, shuku filta iliyoziba. Na ukichomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, ukakuta petroli ndani, dayaframu yake (utando wa ndani) imepasuka. Hiyo haihitaji kipimo kingine.

Kwa kabureta mambo ni mepesi. Toa kifuniko cha filta ya hewa, injini ikiwa imezimwa, tazama kooni mwa kabureta na uvute kwa mkono waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali. Unapaswa kuona mchirizi wa petroli ukiruka. Usipouona, huenda bakuli ni kavu, na sasa unakagua pampu ya dayaframu iliyoko ubavuni mwa injini. Gari la namna hii likizima juani baada ya foleni ndefu na likagoma, huenda petroli imechemka ndani ya bomba na mvuke umeziba njia. Acha lipoe, au weka kitambaa kibichi juu ya pampu.

Dizeli ina mambo yake, hasa kuvuta hewa, na haipimwi kwa njia hizi.

Bomba la gari la nozeli hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Ukilifungua ghafla petroli inaruka, pengine juu ya ekzosi yenye moto. Chomoa fyuzi ya pampu, piga stata mara kadhaa, kisha funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza. Na usivute petroli kwa mdomo, hata kama ndivyo ulivyofundishwa. Ikiingia mapafuni inaua.

Ikithibitika kwamba pampu ndiyo mbovu, tazama wavu wake (chujio la mdomoni mwa pampu) kabla ya kufunga mpya. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale pampu inapovuta, na tangi la zamani hufanya kutu hapo. Wavu ukiwa na unga mwekundu, teremsha tangi lisafishwe na ubadilishe filta siku hiyohiyo, la sivyo pampu mpya itavuta uchafu uleule.