"Kama" haigeuzwi: dhana potofu kuhusu hoja zenye sharti

Dhana: Kauli ya "kama" inasomeka mbele na nyuma.

Simu yake ikizima, hapatikani. Sasa umempigia na hapatikani. Je, simu yake imezima? Wengi watajibu ndiyo bila kusita, ilhali huenda mtandao unasumbua, au amekuzuia tu usimpigie. Kauli ya kwanza ilituambia kinachofuata simu ikizima. Haikusema kwamba hakuna sababu nyingine ya mtu kutopatikana.

Katika hoja ya aina hii, njia salama ni mbili tu. Ukijua simu imezima, sema hapatikani. Ukijua anapatikana, sema simu haijazima. Hii ya pili watu huisahau, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko tunavyoidhania.

Dhana: Sharti lisipotimia, matokeo nayo hayapo.

Hili ni kosa lilelile, limeingia kwa mlango wa nyuma. Mzazi anamwambia mwanawe, "Ukifaulu, nitakununulia baiskeli." Mtoto anafeli, baiskeli inanunuliwa. Mzazi hajavunja ahadi, kwa sababu hakuwahi kusema atafanya nini mtoto akifeli. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kawaida tungeelewa "ukifaulu tu", na mtoto mwenyewe angeelewa hivyo. Lakini hiyo "tu" tumeiongeza sisi. Kwenye mkataba au kanuni, nyongeza kama hiyo inaweza kuzaa kesi.

Dhana: Wasomi hawanaswi.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alibuni jaribio la kadi nne ambalo bado linawatoa watu jasho. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Mezani unaona E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Jibu ni E na 7. Wengi huchagua E na 4, au E peke yake. Kadi ya 4 haina la kutufundisha, maana hata ikiwa na konsonanti nyuma yake, kanuni inabaki salama. Ila 7 ikiwa na irabu, kanuni imekufa. Majaribio kama haya yalipofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliopata jibu sahihi hawakufika hata mmoja katika kumi.

Mwaka 1982 watafiti Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida, Marekani, fumbo lenye umbo hilohilo, ila kanuni ikawa ya umri wa kunywa bia. Safari hii karibu robo tatu walipata. Anayekunywa bia akaguliwe umri, na aliye chini ya umri akaguliwe kinywaji. Nani asiyeliona hilo? Kwa hiyo akili ilikuwepo muda wote. Huenda kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wanamsaka mvunja sheria.

Dhana: Kosa la kimantiki halina faida yoyote.

Daktari anayeona dalili na kukisia ugonjwa anarudi kinyumenyume, kutoka matokeo kwenda kwenye sababu. Hakosei, mradi akiite kisio na aagize vipimo.

Dhana: Hoja ikiwa mbovu, hitimisho lake ni uongo.

Hapana, na wapenda mabishano hunaswa sana hapa. "Kila namba inayogawanyika kwa 4 ni shufwa, 12 ni shufwa, basi 12 inagawanyika kwa 4." Hitimisho ni kweli, lakini hoja ni mbovu. Ukitaka kuuona ubovu wake, usibishane na 12. Weka 14 mahali pake, uisome tena.