Jita ni nini? Kwa nini mchezo unaruka na mega bado zipo

"Yaya, mega iko mingi, lakini mchezo inaruka tu."

Kijana wa jirani, hapa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, alinijia na maneno hayo, simu mkononi, kipimo cha kasi kikiwa wazi kwenye kioo: megabiti 18 kwa sekunde. Ana haki ya kushangaa. Mega, yaani data ya intaneti, amenunua, kipimo kinamsifu, YouTube inacheza bila kusimama. Lakini akiingia kwenye eFootball, mchezo wa mpira wa mtandaoni, mchezaji wake anakimbia, anaganda, halafu anaibukia upande wa pili wa uwanja, na mpira uko tayari kwa mwenzake.

Kinachomsumbua kina jina: jita. Hutaliona kwenye mabango ya matangazo pale Lubumbashi mjini, kwa sababu mabango huuza wingi na kasi, na jita si wingi wala kasi. Ni kutotulia kwa muda.

Tuanze na hodi. Unafika mlangoni kwa mtu, unapiga hodi, unangoja "karibu". Muda ule kati ya hodi yako na karibu yake ndio wachezaji wanauita pingi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwenye jina hilo ni Mmarekani Mike Muuss, aliyeandika programu ndogo ya ping Desemba 1983 akiwa kwenye maabara ya jeshi la nchi yake, ili kutafuta hitilafu ya mtandao. Alilichukua kwenye sauti ya sona, kile chombo cha manowari kinachopiga mlio majini na kusikiliza mwangwi unaorudi.

Sasa piga hodi mara tano mfululizo. Nyumba ya kwanza inakujibu baada ya milisekunde 62, 64, 61, 63, 65. Nyumba ya pili inajibu baada ya 30, 32, 31, 160, 32. Ukitafuta wastani, ya kwanza ni 63 na ya pili ni 57, kwa hiyo kwa hesabu ya wastani nyumba ya pili ndiyo bora. Mchezo haukubali hesabu hiyo. Tazama tofauti kati ya jibu moja na linalofuata: nyumba ya kwanza hucheza kwa milisekunde 2 au 3 tu, ya pili inaruka kwa 129, kisha inashuka kwa 128. Ukizijumlisha tofauti zile nne na kuzigawa kwa nne, ya kwanza ina jita ya milisekunde 2 na kidogo, ya pili ina 65. Mimi ningecheza kwenye nyumba ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

Sababu ni namna mchezo wenyewe unavyofanya kazi. Katika michezo mingi ya risasi, seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo, hutuma hali ya uwanja mara 20 hadi 60 kwa sekunde, kila mara kwenye pakiti, kibahasha kidogo cha data. Ikiwa ni mara 60, pakiti moja inatakiwa kufika kila milisekunde 17 hivi. Pakiti zikichelewa zote kwa kiasi kilekile, simu yako inazoea: inajua picha inayoonyesha ni ya zamani kidogo, na inakisia yaliyobaki. Lakini pakiti moja ikichelewa kwa milisekunde 130, zile saba au nane zilizopaswa kuonekana ndani ya muda huo zinakuja kwa mkupuo, na kile simu ilichokisia kinageuka uongo. Ndipo mchezaji wako anarudishwa nyuma kama amefungwa kamba ya mpira. Na pakiti isiyofika kabisa? Hodi bila karibu. Hiyo ni hasara ya pakiti, na hata mbili tu katika mia hukera kuliko pingi kubwa iliyotulia.

YouTube haikusaliti kwa sababu yenyewe huweka akiba, kama mama anayenunua unga wa bukari wa wiki nzima: barabara ikifungwa siku moja, nyumbani mnakula. Mechi haina akiba. Mpira ambao haujapigwa huwezi kuuweka ghalani. Ndiyo maana megabiti 18 hazikumsaidia yule kijana. Michezo mingi ya mtandaoni, ukiondoa siku ya kuipakua, hula megabaiti mia moja hivi kwa saa, chini kabisa ya video. Anayekushauri ununue kifurushi kikubwa zaidi ili mchezo uache kuruka anakuuzia lori la kubebea bahasha.

Kuna sehemu ya pingi ambayo hakuna fundi anayeiondoa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo wa fiber hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg, ukipiga mstari ulionyooka, ni kilomita 1,600 hivi. Kwenda na kurudi ni milisekunde 16 hata kama njiani hakuna kifaa kinachochelewesha. Hadi Paris ni kama kilomita 7,000, kwa hiyo 70. Na nyaya hazinyooki: zinapinda, zinashuka Zambia kupitia Kasumbalesa au zinaelekea magharibi hadi baharini Muanda. Kwa hiyo kabla ya kulaumu ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya mchezo uone umepelekwa seva ya wapi. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafuata Cape Town 2020, na michezo kadhaa sasa ina seva upande huo. Mchezo ukikupa nafasi ya kuchagua kati ya Afrika Kusini na Ulaya, mtu wa Katanga achague kusini, hata kama marafiki wa Ubelgiji wanalalamika.

Setilaiti nazo zina hesabu yake. Zile za zamani, ambazo sahani yake imeelekezwa sehemu moja ya mbingu daima, ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, na mchezo wa risasi hapo usahau. Starlink, iliyotangazwa kupewa leseni nchini Kongo Mei 2025, hutumia setilaiti zilizo kwenye kilomita 550 hivi, ndiyo maana pingi yake hukaribia ya nyaya. Lakini setilaiti hizo zinapita mbio, na sahani huhama kutoka moja hadi nyingine. Mti wa embe ukiziba kipande cha anga, mtandao unakatika sekunde moja, unarudi, unakatika. Hiyo nayo ni jita.

Na kuna siku ambazo tatizo liko chini ya bahari. Agosti 2023 maporomoko kwenye korongo la Kongo, lile bonde la baharini mbele ya mdomo wa mto wetu, yalikata nyaya za intaneti za WACS na SAT-3. Data ilibidi izunguke kwa njia ndefu zaidi. Siku kama hiyo hata ukibadilisha ruta mara kumi, umepoteza pesa tu.

Lakini mara nyingi zaidi, jita inatengenezwa nyumbani. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kila anayetoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa anaijua ile foleni ya malori. Barabara inaweza kuwa nzuri, malori mapya, madereva hodari. Mlango wa mpaka ukipitisha machache kwa saa, yote yanajipanga. Sasa fikiria pikipiki iliyobeba barua ya haraka, na sheria inasema naye apange mstari nyuma ya malori. Barua haina uzito wowote, lakini itafika kesho kutwa. Hiyo ndiyo hali ya pakiti ya mchezo nyuma ya picha za simu.

Ruta yako ina mlango wa kutokea, na mlango huo kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa kuingilia. Tuseme unapandisha megabiti 1 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo picha moja ya megabaiti 4 ni megabiti 32, yaani sekunde 32 za mlango mzima. Mtu akirudi kutoka harusi na picha 200, na simu yake imewekwa kuzihifadhi yenyewe mara ikiona waifai, mlango umejaa kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ruta, badala ya kukataa mzigo, inaupanga kwenye kumbukumbu yake. Ikiwa foleni hiyo inabeba kilobaiti 256, kwa mlango wetu wa megabiti 1 kila pakiti inayoingia mwishoni inangoja sekunde mbili. Mafundi waliipa hali hii jina miaka ya 2010: bafablote, kuvimba kwa foleni. Ubaya wake ni kwamba inakuja na kuondoka. Picha zikiisha, pingi inashuka. Mtu akiweka video kwenye status ya WhatsApp, inapanda. Wewe unaona "mtandao wa kichaa", kumbe ni dada yako aliye chumbani.

Kuigundua hakuhitaji vifaa. Chukua kompyuta, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, tafuta mstari ambao Windows ya Kifaransa inauita Passerelle par défaut. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping -n 50 ikifuatwa na anwani hiyo, na usome majibu yote hamsini, usikimbilie wastani wa mwisho. Kisha rudia kwa 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, iliyo nje ya nyumba. Fanya hivyo mara mbili: wote wakiwa wamezima simu zao, halafu kila mtu akiendelea na mambo yake.

Ikiwa hodi kwa ruta yenyewe zinarukaruka, mara 2, mara 80, mara hakuna jibu, basi jita yako haijatoka hata sebuleni. Ni waifai. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma hunywa mawimbi, hasa ya gigahezi 5, na ya gigahezi 2.4 yanapita ukuta lakini yanagombana na ya majirani wote, maana chaneli zisizoingiliana hapo ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kebo ya mtandao ya mita kumi hadi kwenye kompyuta au pleisteshini inamaliza ugomvi huo wote. Sijawahi kuona dawa ya bei ndogo iliyofanya kazi kubwa kama hiyo. Anayechezea simu asogee chumba chenye ruta. Si heshima ndogo kukaa sebuleni.

Ikiwa ruta inajibu vizuri na nje kunaruka pale tu watu wanapotumia, ni foleni. Zima uhifadhi wa picha wa kujiendesha, au uupangie usiku wa manane. Ruta yako ikiwa na kipengele cha SQM, kinachosimamia foleni, kiwashe, kisha iambie kasi yako ni asilimia 80 au 90 ya ile uliyopima. Unajinyima kidogo ili foleni ibaki mikononi mwako, na ruta ipitishe pikipiki mbele ya malori. Kwa modemu ya 4G ambayo kasi yake hubadilika kila saa, shusha zaidi, asilimia 60 au 70.

Umeme nao usiusahau. Volti zikishuka kwa sekunde moja, taa inafifia tu na unasema haikuzimika. Ruta imezimika, na dakika mbili zinapita kabla haijarudi. Kwenye ukurasa wa ruta kuna saa inayohesabu muda tangu ilipowashwa. Ukiona dakika 14 wakati hujaigusa tangu jana, umempata mwizi. Betri ndogo ya ruta inatosha, lakini soma kwanza lebo ya chaja: nyingi ni volti 12, nyingine 9, na kukosea hapo ni kuichoma.

Anayetumia 4G aangalie pia kwenye modemu namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Ikikaribia -80 ni nguvu nzuri, ikifika -110 mnara unausikia kwa mbali. Isogeze modemu dirishani, nusu mita baada ya nusu mita, ukipima kila hatua. Kama namba ni nzuri na bado jioni inaruka, mnara umejaa watu waliorudi nyumbani kama wewe.

Kwa yule kijana ilikuwa simu mpya ya mama yake, iliyokuwa ikipandisha picha za miaka mitatu. Tuliizima, hodi zikatulia kwenye 48, 49, 47. Wiki iliyofuata ziliruka tena, jioni tu, na safari hii nyumbani hapakuwa na mtu mwingine mtandaoni. Hapo kazi si yetu tena, ni ya kampuni. Nilimwambia asipige simu kusema "rezo mubaya", mtandao mbaya, kwa sababu jibu lake linajulikana: zima, washa. Aandike kwenye karatasi siku tatu mfululizo, saa, pingi hadi kwenye ruta, pingi hadi nje, na pakiti ngapi zimepotea katika hamsini, alfajiri na jioni, kisha awasomee.

Alipiga simu mara mbili. Mara ya pili, aliposoma kwamba ruta ilijibu kwa 2 na nje kwa 310 tangu saa kumi na mbili jioni, msichana wa upande wa pili alimwomba asikate, akamtafutia fundi.