Zege halikomazwi na jua

Wenye nyumba wengi, na hata baadhi ya mafundi, huamini kuwa zege hukazwa na jua: likishamwagwa liachwe likauke, tena jua likiwa kali ndiyo heri. Sivyo. Saruji hushika kwa kuungana na maji kikemia; maji yakikimbia mapema, kazi hiyo inakatika njiani. Ndiyo maana zege la misingi ya madaraja humwagwa hata chini ya maji na bado likawa gumu.

Slabu iliyonyimwa maji utaijua: nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na ukiikwaruza kwa ufunguo inatoa vumbi. Zege likishashika kiasi cha kutochimbwa na maji, mwagilia asubuhi na jioni, jua likizidi ongeza na mchana, angalau siku 7. Bora zaidi, zungushia tuta dogo la mchanga pembezoni ujaze maji, au funika kwa magunia yaliyolowa. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, kwa hiyo fundi anayetaka kung'oa mirunda ya slabu siku ya tano eti "limeshakauka", mzuie. Ila maji ya kuzidisha kwenye mchanganyiko ili uteleze ni habari nyingine: hayo hulidhoofisha.