Methani kwenye sayari nyingine: ni uhai au ni kazi ya miamba?

Dhana: Methani hutolewa na viumbe, kwa hiyo palipo na methani pana uhai.

Hapa Duniani nyingi hutoka kwa viumbe kweli: vijidudu vya kwenye vinamasi, matumbo ya ng'ombe, mchwa. Lakini methani ni kaboni moja na haidrojeni nne tu, na elementi hizo zimejaa ulimwenguni. Uranus na Neptune zina methani ya kutosha kuzipa rangi ya buluu, na sijasikia anayedai kwamba kule wanafugwa ng'ombe. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, una maziwa ya methani kwenye baridi ya nyuzi -179. Chombo cha Huygens kilipotua huko Januari 2005, kilipima kaboni ya gesi hiyo. Viumbe hupendelea kaboni nyepesi; ya Titan haikuwa na alama hiyo.

Dhana: Kama si uhai, basi ni volkano.

Mwamba hauhitaji kulipuka. Maji yakipenya kwenye mwamba wenye olivini, madini yenye chuma, chuma kilichomo hunyakua oksijeni ya maji na kuiacha haidrojeni huru. Haidrojeni hiyo ikikutana na kaboni dioksidi katika mazingira yanayofaa, methani hutokea. Kule Yanartaş, Uturuki, moto unawaka mlimani tangu zama za kale, na sehemu kubwa ya gesi yake imetengenezwa hivyo, bila mkono wa kiumbe.

Ugumu ni kwamba haidrojeni hiyohiyo ni chakula cha vijidudu vinavyotoa methani. Penye jiko la miamba, walaji nao wanaweza kuwepo. Chombo cha Cassini kilikuta gesi hizo mbili, haidrojeni na methani, kwenye michirizi inayoruka kutoka Enceladus, mwezi mwingine wa Zohali, na mpaka leo maelezo yote mawili yako mezani.

Dhana: Methani ya Mirihi imeshathibitishwa, kilichobaki ni kujua chanzo.

Haijathibitishwa. Curiosity, gari la utafiti la NASA lililoko Mirihi ndani ya kreta ya Gale, kwa kawaida imepima chini ya sehemu moja kwa bilioni. Juni 2019 ikasoma 21, na siku chache baadaye kiwango kikawa kimeshuka. Trace Gas Orbiter, inayochunguza hewa ya Mirihi kutoka juu tangu 2018, haijaiona kabisa, ingawa ingeweza kuitambua hata kwa sehemu 0.05 kwa bilioni. Methani ikishatoka ingedumu huko karne kadhaa kabla ya mwanga wa jua kuivunja, hivyo ingesambaa sayari nzima. Ama kuna kitu kinaifuta upesi mno, ama, kama baadhi ya wanasayansi wanavyoshuku, inavuja kutoka kwenye gari lenyewe. Kubishania mwenye gesi kabla ya kuhakikisha kwamba gesi ipo ni kujichosha bure.

Dhana: Basi methani haina maana yoyote.

Ina maana, ila itazame imeandamana na nani. Oksijeni huila methani. Katika hewa yetu haidumu zaidi ya miaka kumi hivi. Zikionekana pamoja kwa wingi, kuna kinachozijaza upya, na miamba peke yake haiwezi kwa urahisi. Pasipo oksijeni, wataalamu hutafuta methani na kaboni dioksidi nyingi pamoja na kaboni monoksidi kidogo, kwa sababu volkano ingetoa monoksidi pia.

Hata hivyo kipimo hicho ni cha sayari za mwamba. K2-18 b, sayari inayozunguka nyota nyingine, ambako darubini ya James Webb iliona methani na kaboni dioksidi mwaka 2023, ina uzito wa zaidi ya Dunia nane na hewa iliyojaa haidrojeni. Katika hewa ya namna hiyo methani hujitengeneza yenyewe.